Sindano

Faili la kwanza liliitwa MWISHO.
La pili, MWISHO HASA.
La tatu lilifika saa nane usiku, kutoka kwa Twalib, Malindi:
MWISHO HASA WALLAHI.
Nami huku Langoni, ghorofa ya pili,
feni ikinirudishia joto lile lile,
niliyafungua yote, nikakuta miisho mitatu,
na katika kila mmoja Bi Zena anashona kofia
asiyoimaliza.

Tulikuwa wanne na wingu moja.
Tulilikodi kwa mwezi, tukachanga kama watu wa upatu:
Lali mwenye kamera, Twalib wa sauti,
Swabra wa rangi, aliyeolewa Kisauni,
na mimi, mkataji na muungaji.
Tukasema, basi tena kutuma kadi kwa bahasha
kwa kijana wa boti ya Mokowe,
basi kumbembeleza mtu wa basi apokee simu.
Kila kitu kitakaa juu.
Dalili ya mvua ni mawingu, husemwa;
hili letu halikunyesha.
Lilimeza.

Lilimeza usiku mzima wa Twalib.
Alikuwa amesafisha mazungumzo, neno kwa neno,
akiwaondoa punda waliolia nyuma ya kila jibu,
akamwacha mmoja tu,
maana Lamu bila punda nani ataiamini?
Kumbe saa ile ile, mradi ule ule,
mimi nimeufungua, nimeihamisha harusi ikaja mwanzo,
nikahifadhi, nikalala.
Wa mwisho kuhifadhi ndiye mwenye haki:
hiyo ndiyo sheria pekee wingu liijuayo.
Asubuhi punda wote walikuwa wamerudi.

Siku mbili Twalib hakunisemesha.
Swabra naye alifungua, akakuta wekundu skrini nzima,
picha haipo, picha haipo, picha haipo,
kwa kuwa folda ninayoiita mimi "Picha za Lali"
Lali kwake anaiita "Zangu".

Nilikuwa nalitafuta fundo hilo, nikirudi nyuma klipu kwa klipu,
ndipo nikaiona ya mia mbili na kumi na nne.
Lali alisahau kuzima kamera.
Bi Zena amechoka. Adhana ya alasiri inaanza.
Anampa kofia jirani yake, Mwanamkuu, aendelee.
Hasemi neno. Ila kabla hajaitoa
anaichoma sindano penye kitobo alichoishia,
ikasimama, uzi unaning'inia.
Mwanamkuu anapokea, haulizi pa kuanzia.
Na Bi Zena, mkono mtupu, haigusi tena.

Nikaitazama mara tano.

Usiku ule tuliunda faili dogo, maandishi matupu,
tukaliita SINDANO.
Ndani yake jina moja, saa, na pa kuishia:
"Mwanaate, saa nne, dakika ya kumi na mbili, ukumbini."
Asiye na jina humo haufungui mradi
hata kama wazo linamwasha.
Majina ya folda tukayaandika ukutani, herufi kwa herufi,
yawe mamoja Lamu, Malindi na Kisauni.
Picha nzito zikabaki juu, mahali pake, hazisogezwi;
kila mtu akashusha nakala nyepesi, zenye ukungu kidogo,
kwani mtandao wa hapa huja kwa hisani.
Twalib akaandika: si shindano tena, ni sindano.
Nikajua amenisamehe.

Tulikwenda vizuri mpaka wiki ya nne.
Kisha Lali akashika sindano, akaenda Pate,
atafute picha moja tu ya vidole,
na Pate mnara ukazima.

Leo siku ya tatu.
Nalifungua faili: Lali. Nalifunga, nalifungua: Lali.
Ningeweza kulifuta jina. Hapana kufuli, ni neno tu tulilopeana.
Swabra amepiga, tufanyeje? Nimemwambia ninafua.
Na kweli nilikuwa nafua.

Bi Zena amepita chini, akaita dirishani:
"Ile picha yangu imekwisha?"
"Bado, Bi. Imo mkononi mwa mtu."
"Haya," akasema, akaenda zake dukani,
kama niliyemwambia jambo la kila siku.